Muhuri Juu ya Muhuri

Katika miezi ya hivi karibuni sanduku letu la barua limekuwa likijaa malalamiko ya namna moja. Yatoka Pangani na Muheza, yatoka Korogwe na Lushoto, na mengine yametufikia kutoka kwa wenyeji wa mkoa huu walioko Muscat na Dubai. Waandishi wake hawafahamiani, lakini ungedhani wamekaa baraza moja wakapatana maneno. Wote wasema kwamba wanazo hati zao halali, za kuzaliwa, za ndoa, za shule na za kazi. Kwamba hati hizo zilitolewa na Serikali yao wenyewe. Na kwamba hata hivyo si kitu huko ng'ambo mpaka zipigwe mihuri, na kila muhuri una mji wake, una siku zake na una bei yake.

Lau jambo hili lingekuwa la usumbufu tu tusingeliandikia tahariri. Usumbufu wa madirishani tumeuzoea, na wengine wetu tumezeeka nao. Lakini juma lililopita aliingia katika chumba chetu cha habari muuguzi mmoja, binti wa Muheza, akaweka mezani bahasha ya plastiki. Ndani yake mlikuwa na vyeti vinne na stakabadhi kumi na saba. Alikuwa amepata kazi katika hospitali ya nchi moja ya Ghuba, na barua ya kazi ilimpa siku 60 za kufikisha vyeti vilivyohalalishwa na ubalozi wa nchi hiyo. Baba yake aliuza machungwa ya msimu mzima yangali mtini, kwa bei aliyoitaka mnunuzi, ili binti apate nauli na ada. Siku ya 71 vyeti vitatu vilikuwa tayari. Cha nne, cheti cha kuzaliwa, kilirudishwa dirishani kwa sababu ya herufi mbili: K moja iliyopungua na I moja iliyozidi. Kazi alikwisha pewa mwingine, na machungwa yalikwisha liwa.

Yafaa kwanza tueleze kuhalalisha hati ni kitu gani, maana tumegundua kwamba wananchi wengi, na hata baadhi ya makarani wanaoishi kwa kazi hiyo, hudhani kuwa ni kuthibitisha ukweli wa yale yaliyoandikwa. Sivyo hata kidogo.

Cheti cha kuzaliwa cha Tanzania Bara hutolewa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambao watu wote wauita RITA. Cha Zanzibar hutolewa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii wa huko. Sasa cheti hicho kikifika mbele ya afisa wa ubalozi wa kigeni, afisa yule hamjui msajili aliyetia sahihi. Hana namna ya kutambua kama sahihi ile ni ya msajili au ni ya mpita njia aliyeokota kalamu. Kwa hiyo hutaka neno la mtu anayemjua, na mtu anayemjua ni Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi mwenyeji, ambayo vielelezo vya sahihi za maafisa wake huwekwa katika balozi. Nayo Wizara haiwezi kumshuhudia kila mtu. Hutaka kuona sahihi ya msajili, au ya baraza, au ikiwa hati ni nakala, sahihi ya wakili mwenye mamlaka ya viapo aliyeilinganisha nakala na asili yake. Basi wakili aishuhudia nakala, Wizara yamshuhudia wakili au msajili, ubalozi waishuhudia Wizara, na ziko nchi, Falme za Kiarabu zikiwa mojawapo, ambazo hazitosheki hapo mpaka wizara yao ya nje nayo imshuhudie balozi wao wenyewe baada ya hati kufika kwao.

Kila muhuri waapa juu ya muhuri ulioutangulia. Hakuna hata mmoja unaoapa juu ya mtoto aliyezaliwa.

Tunalisisitiza jambo hili kwa sababu ndilo kiini cha hoja yetu. Mtu mwongo mwenye cheti cha uongo akiweza kuivuka hatua ya kwanza, hatua zote zilizosalia zitambeba kwa heshima, kwani haziulizi tena lolote ila sura ya sahihi. Mtu mkweli mwenye cheti cha kweli, aliyekosea mlango mmoja katika ile milango, atarudi kwao kama aliyeghushi. Mnyororo huu ulibuniwa zamani, wakati barua ilikwenda kwa jahazi na meli, na mtu wa Muscat hakuwa na njia ya kumwuliza karani wa Unguja kama kweli sahihi ile ni yake. Katika nyakati zile ulikuwa na maana. Leo karani wa Muscat anaweza kupata jibu kutoka Tanga kabla kahawa yake haijapoa, lakini cheti bado chasafiri kana kwamba chasubiri kaskazi.

Hatutaki tuonekane kuwa tunawalaumu mabalozi peke yao. Mkataba wa Vienna wa 1963 juu ya mahusiano ya kikonseli wawapa kazi ya kuthibitisha hati, na waruhusu nchi zao kutoza ada kwa kazi hiyo. Isitoshe, wanayo sababu ya kutushuku. Hatujasahau tarehe 28 Aprili 1917 haikuwa. Ilikuwa juzi tu, tarehe 28 Aprili 2017, pale Dodoma, Rais John Magufuli alipopokea taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, nayo ikaonyesha watumishi 9,932 waliokuwa na vyeti vya kughushi. Hao walikuwa wamekaa ndani ya ofisi za Serikali, baadhi yao kwa miaka mingi, wakilipwa mishahara kwa vyeti hivyo. Nchi ya kigeni iliyosoma habari hiyo yaweza kuulizwa kwa nini inaogopa karatasi zetu?

Lakini tuulize pia walipatikanaje watu wale 9,932. Hawakupatikana kwa kuongezewa muhuri. Walipatikana kwa sababu majina na namba za vyeti vyao zilipelekwa Baraza la Mitihani, lililoundwa kwa sheria ya 1973 na ambalo lina daftari la kila mtahiniwa, likaulizwa: Je, huyu mwamjua? Baraza likasema hatumjui. Chanzo kiliulizwa, chanzo kikajibu. Katika kazi yote ile hapakuwa na haja ya balozi wala ya wakili wa viapo. Na hata sasa, kila mwaka, vijana wanaoomba mikopo ya elimu ya juu huhakikiwa vyeti vyao vya kuzaliwa na RITA kwa mtandao, na wengi wao hawainuki hata walipoketi. Kwa hiyo uwezo tunao. Tunaukosa pale tu mwananchi anapotaka kuvuka mpaka.

Turudi kwenye safari yenyewe. Balozi karibu zote ziko Dar es Salaam. Makao makuu ya Wizara yako Dodoma tangu Serikali ilipohamia huko, ingawa huduma za namna hii hupatikana Dar es Salaam pia. Mtu wa Tanga mjini asafiri kilomita 350 hivi kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Mtu wa Kigoma akipanda gari moshi asafiri zaidi ya kilomita 1,200 kabla hajaona dirisha la kwanza. Dirisha hilo laweza kuwa lapokea hati asubuhi na kuzitoa mchana wa siku nyingine; na ubalozi wafunga kwa sikukuu zetu na kwa sikukuu za kwao. Mgeni hana ndugu wa kumlaza mjini, basi hulala nyumba ya wageni, na kila usiku hulipia kitanda ambacho thamani yake haimo katika orodha ya ada iliyobandikwa ukutani. Muuguzi wetu alituonyesha stakabadhi kumi na saba. Katika hizo saba tu ndizo zilizokuwa za Serikali au za ubalozi. Zilizobaki zilikuwa za basi, za kulala na za kutoa nakala. Chakula hakina stakabadhi.

Hapo ndipo anapotokea kishoka. Huyu humjua kila mtu, hujua dirisha gani lina karani mpole, hujua siku ambayo mwenye sahihi yuko likizo. Hukaa chini ya mwarobaini na fomu mkononi. Wapo vishoka waaminifu, ambao kwa kweli ni matarishi tu, na mwanamke wa Kigoma aliyemwachia kishoka cheti chake akarudi kukipata kimekamilika hatamlaani. Lakini wapo pia wale ambao muhuri wao wameuchonga wenyewe. Mwananchi hana macho ya kuutofautisha na muhuri wa kweli. Atagundua Muscat, mbele ya askari wa uhamiaji, ambapo hakuna mtu wa kumsikiliza akisema alidanganywa. Tumeambiwa mara nyingi kwamba dawa ya vishoka ni msako. Msako huwaondoa asubuhi, na jioni wamerudi, maana kilichowaleta hakijaondoka. Njia ikiwa ndefu na giza, wauza taa hawakosi.

Tuseme sasa juu ya zile herufi mbili, kwa kuwa katika barua zote tulizopokea hakuna jambo lililorudiwa kama hili.

Watu wa pwani hii wamechukua majina mengi kutoka Kiarabu na kuyatia katika ulimi wao. Lugha yetu haipendi kulifunga neno kwa konsonanti. Said akawa Saidi, Shaaban akawa Shabani, Othman akawa Athumani, na Khadija katika vinywa vya mabibi zetu akawa Hadija. Haya si makosa. Ni Kiswahili, na wenye majina hayo wameitwa hivyo tangu walipofungwa kitovu. Lakini angalia safari ya jina moja. Mama yuko zahanati na mtoto wa siku tatu. Muuguzi amwuliza jina, naye asema Hadija binti Saidi, na ndivyo inavyoandikwa. Mtoto akipelekwa chuoni, mwalimu wake, ambaye ni mtu wa elimu ya dini na anayajua matamshi yake, amwandika Khadija. Shuleni mwalimu wa darasa la kwanza, mzaliwa wa Bara, aandika kama asikiavyo. Anapojiandikisha mtihani wa kidato cha nne, anachagua mwenyewe tahajia iliyo nzuri machoni pake. Kitambulisho cha Taifa kikafuata cheti kimoja, pasipoti ikafuata kitambulisho. Mtu huyu amefika miaka 25 akiwa na majina manne, na katika maisha yake yote hapa nyumbani hakuna aliyewahi kumwuliza kwa nini, kwa sababu kila karani aliyeyasoma alijua mara moja kwamba ni mtu mmoja. Karani wa ubalozi hajui. Kwake hao ni wanawake wanne, na watatu wao ni washukiwa.

Dawa anayoandikiwa mwananchi ni kiapo, au hati ya kubadili jina, ambayo nayo husajiliwa na nayo hupigwa mihuri yake. Twaona hapa pana dharau isiyokusudiwa. Binti huyu hakubadili jina lolote. Waliobadili ni waandishi. Kwa nini yeye ndiye aape?

Na majina ya tatu je? Sisi huitwa kwa jina letu, la baba na la babu. Mke haachi jina la baba yake kwa kuolewa, na mtoto hana jina la tatu lililo sawa na la baba yake mzazi. Fomu za Ulaya hutaka jina la ukoo, moja, la nyumba nzima. Mume, mke na mtoto wakienda na majina ya tatu yasiyofanana, afisa huuliza kama kweli ni familia, nao hutakiwa kuleta cheti cha ndoa kilichohalalishwa, na cheti cha mtoto kilichohalalishwa, na wakati mwingine kiapo cha babu, ikiwa babu yu hai. Hatusemi kwamba tuache desturi yetu. Twasema kwamba ingetosha Serikali ichapishe maelezo rasmi ya ukurasa mmoja, kwa Kiarabu, Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani, yakieleza jinsi majina yanavyopangwa katika nchi hii na tahajia zipi huhesabiwa kuwa za jina moja, na ukurasa huo uambatanishwe na cheti chochote kiendacho nje. Ungegharimu karatasi na wino.

Lipo pia jambo la lugha, nalo tutalipitia upesi. Mahakama za Mwanzo huendesha kesi na kuandika hukumu kwa Kiswahili, na tangu marekebisho ya sheria ya 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu zote. Tulilipokea badiliko hilo kwa furaha na furaha hiyo haijapungua. Lakini mwanamke aliyeachika, ambaye hukumu ya talaka yake imeandikwa kwa Kiswahili, akitaka kuolewa Muscat huhitaji tafsiri ya Kiarabu inayokubalika. Baraza la Kiswahili la Taifa hutoa huduma ya tafsiri na kuithibitisha, nayo ni huduma njema. Lakini ni watu wangapi wa Handeni wanaojua kuwa ipo? Wengi humpa mwalimu wa madrasa aandike, kisha wanashangaa ikikataliwa. Na tafsiri ikikubaliwa yenyewe yageuka kuwa hati nyingine, yenye mnyororo wake mwingine.

Wapo wasomaji watakaouliza: Je, hakuna njia nyingine duniani? Ipo, na ina umri mkubwa kuliko wengi wa makarani wanaotuhudumia. Tarehe 5 Oktoba 1961, huko The Hague, ulifanywa mkataba wa kuondoa kabisa sharti la kuhalalisha hati za umma kwa balozi, baina ya nchi zitakazoukubali. Ulianza kufanya kazi mwaka 1965. Badala ya mnyororo, nchi inayotoa hati huweka cheti kimoja kidogo kiitwacho apostili, mraba wenye upande usiopungua sentimita 9, wenye vipengele kumi vilivyopewa namba: nchi iliyotoa hati, nani ametia sahihi, ana cheo gani, muhuri ni wa nani, na kadhalika. Kila apostili ina namba, na ofisi iliyoitoa hulazimika kuitunza katika daftari, ili mtu yeyote aliyeipokea aweze kuuliza kama namba hiyo ipo. Yaani chanzo huulizwa. Kisha hati hupokelewa katika nchi nyingine ya mkataba bila ubalozi kuigusa.

Nchi zilizo katika mkataba huo leo zazidi 120. Wengi hudhani ni jambo la Wazungu. Afrika Kusini imo, Malawi jirani yetu imo, na Botswana na Lesotho zimo. Burundi iliingia na mkataba ukaanza kwake mwaka 2015. Rwanda ukaanza mwaka 2024. Katika Ghuba, Oman imo tangu 2012, Bahrain tangu 2013 na Saudi Arabia tangu 2022. India imo tangu 2005, na China tangu Novemba 2023. Mpaka mwisho wa mwaka 2024 Tanzania haikuwamo, wala Kenya, wala Uganda, wala Kongo.

Tufikirie maana ya orodha hiyo kwa watu wa mkoa huu. Nchi ambayo sisi wa pwani tuna ndugu wengi zaidi kuliko nchi yoyote ya mbali, ambako watu wetu huzikana, huoana na kurithiana, nayo ni Oman, ilikwisha fungua mlango huo tangu mwaka 2012. Kwa kanuni za mkataba, muuguzi wa Bujumbura anaweza kubandika apostili juu ya cheti chake na kwenda zake. Kijana wa Tanga aliyesomea India anaweza kupeleka Muscat shahada yake ya India kwa apostili ya India, lakini cheti cha kuzaliwa alichopewa na nchi yake mwenyewe lazima kipitie wakili, Wizara na ubalozi. Karatasi ya ugenini yamtembeza vizuri kuliko karatasi ya nyumbani.

Hatutaki kuwaahidi wasomaji pepo. Mkataba huu wawaruhusu wanachama kumpinga mwanachama mpya, na apostili zake zisitambuliwe nao. India ilipoingia mwaka 2005 Ujerumani iliipinga. Ujerumani hiyohiyo, kwa hati za Kenya na Uganda, iliacha kuzihalalisha katika balozi zake za Nairobi na Kampala. Badala yake, ofisi ya Kijerumani ikitaka, humtuma mwanasheria akaulize hospitalini, kanisani na kwa msajili, na gharama humwangukia mwenye hati. Hiyo ndiyo hali ifikiwayo na nchi ambayo madaftari yake hayaaminiki. Na madaftari yetu bado yana mapengo: sensa ya 2012 ilionyesha kwamba Tanzania Bara ni watu asilimia 13 hivi tu waliokuwa na vyeti vya kuzaliwa. Mpango ulioanza 2013 huko Mbeya, wa kuwasajili watoto chini ya miaka mitano katika zahanati na ofisi za kata, umelibadili jambo hili sana kwa watoto. Kwa wazazi wao haujalibadili. Mtu anayesajiliwa akiwa na miaka 40 kwa sababu apata safari, huleta cheti kilichotolewa juzi, na afisa wa ubalozi humtazama kwa jicho lile ambalo tunalijua.

Wapo watakaosema Serikali itapoteza mapato. Si kweli kwa apostili, kwani nchi inayoitoa yaruhusiwa kuitoza ada. Watakaopoteza ni balozi: za kigeni zilizopo hapa, na zetu zilizopo nje, ambazo nazo huwatoza wageni na hata Watanzania kwa kuhalalisha hati za huko. Hatujui sababu ya kuzilinda kasha hizo kwa mifuko ya watu wa Muheza. Wengine watasema tutaletewa hati za uongo kutoka nchi mia moja na zaidi bila balozi zetu kuzikagua. Tumekwisha eleza hapo juu kwamba balozi hazikagui yaliyomo. Zatazama sahihi.

Liko jambo moja tu ambalo mkataba ule haugusi na ambalo hatungependa liguswe. Binti anayekwenda kufanya kazi ya nyumbani Oman au Falme za Kiarabu hana budi kuwa na mkataba wa kazi uliopitia ubalozi wetu kule, wenye mshahara na siku ya mapumziko vilivyoandikwa. Ripoti iliyotolewa na shirika la Human Rights Watch mwezi Novemba 2017 ilieleza habari za wanawake wa Kitanzania waliopokonywa pasipoti, waliofanyishwa kazi usiku na mchana, na walionyimwa mishahara katika nchi hizo. Wengi huondoka kwa njia za kando, na njia hizo huwavuta wanyonge kwa sababu njia kuu imejaa madirisha. Muhuri wa ubalozi wetu juu ya mkataba ule haufanani na mihuri mingine tuliyoitaja: huu una afisa anayeweza kupigiwa simu. Na ubaki. Tena uimarishwe, na usitozwe senti kwa yule ambaye mshahara wake wote wa mwezi hautoshi kununua tiketi ya kurudi.

Twaitaka basi Serikali iupeleke mkataba wa 1961 Bungeni, ambalo ndilo lenye mamlaka ya kuridhia mikataba kwa ibara ya 63 ya Katiba, na ieleze wazi kama kuna kizuizi na ni kizuizi gani. Sheria zetu za ushahidi zitahitaji kutazamwa, lakini hiyo ni kazi ya mwanasheria mmoja mwenye bidii. Jambo gumu kidogo ni la Muungano. Mambo ya nje ni ya Muungano, usajili wa vizazi si wa Muungano. Kwa hiyo lazima iamuliwe mapema nani atatoa apostili kwa cheti cha Zanzibar, na afadhali itolewe Zanzibar kwenyewe. Mkataba waruhusu ofisi zaidi ya moja. Afrika Kusini imewapa mamlaka hayo mahakimu na wasajili wa mahakama, na mtu wa huko haendi Pretoria kwa ajili ya karatasi moja. Nasi tuna Mahakama Kuu Tanga. Tuna Mahakama Kuu Mwanza, Mbeya, na kwingineko. Msajili wa mahakama hizo huwashuhudia mawakili kila siku ya Mungu; ashindwe nini kuishuhudia sahihi ya msajili wa vizazi wa wilaya iliyo jirani naye?

Na kabla ya hayo yote, kwa kuwa Bunge lina ratiba yake, Wizara yaweza mwaka huu huu kupeleka afisa mmoja katika kila kanda, siku mbili kwa mwezi, zinazotangazwa redioni, akapokea hati na kuzirudisha kwa posta. Jambo hili halihitaji mkataba wa mtu yeyote.

Muuguzi wa Muheza ameanza upya. Ameandikiwa na hospitali nyingine, safari hii kwa siku 90. Cheti kipya cha kuzaliwa, chenye K yake na kisicho na I ya ziada, atakipata karibuni, na kwa kuwa mihuri ya zamani haihamishiki, atakipeleka tena kwa wakili, Wizarani na ubalozini. Tumemwomba ruhusa mwandishi wetu afuatane naye dirisha kwa dirisha, naye ameikubali. Tarehe za kila hatua na stakabadhi zake tutazichapisha katika ukurasa huu.